Mbofyo Si Mteja

Ejensi nyingi za matangazo ya mtandaoni jijini Nairobi humpa mteja ahadi ileile: mtu akitafuta huduma yako Google, jina lako litatokea juu. Ahadi hiyo ni nyepesi. Mwenye kadi ya benki na saa moja ya subira anaweza kuitimiza leo kabla jua halijatua. Kazi ngumu, ambayo ndiyo hasa mwenye biashara anailipia hata kama hajui kuieleza, huanzia pale mtu anapobofya. Simu itapokelewa? Ujumbe wa WhatsApp utajibiwa baada ya muda gani? Pesa ikishaingia kwenye Till ya M-Pesa, yupo anayeandika kwamba mnunuzi huyu aliletwa na tangazo? Hoja yangu ni kwamba kampeni za utafutaji hapa Nairobi hufia nje ya skrini, mahali ambapo ejensi haiangalii na mwenye biashara hadhani kwamba panahusika na tangazo lake.

Tuanze na mnada wenyewe, kwa kuwa wengi wanaoulipia hawajaelezwa unavyokwenda. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ya California, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuuza nafasi katika matokeo ya utafutaji kwa yule aliyetoa bei kubwa zaidi kwa kila mbofyo. Google ilifungua AdWords Oktoba 2000 ikiwa na watangazaji 350 hivi. Mwaka 2002 nayo ikaingia katika mnada wa kulipia mibofyo, lakini ikaongeza sharti moja zito: bei peke yake haitoshi kushinda. Tangazo ambalo watu hulibofya mara kwa mara lilipandishwa juu ya tangazo la tajiri lisilobofywa. Jina lilibadilika kuwa Google Ads mwaka 2018, ila msingi umebaki uleule. Kila mtu anapoandika anachotafuta, mnada hufanyika papo hapo, na hupimwa bei uliyo tayari kulipa, uwezekano wa tangazo lako kubofywa, ukaribu wake na alichouliza mtafutaji, na hali ya ukurasa atakaoufikia. Ndiyo maana duka la vitambaa la Biashara Street linaweza kulipa kidogo kwa kila mbofyo kuliko duka kubwa la Westlands na bado likakaa juu yake, mradi tangazo lake lijibu swali lililoulizwa na ukurasa wake ufunguke upesi kwenye simu.

Hilo la kufunguka upesi si dogo. Mwaka 2016 Google yenyewe ilitangaza kwamba zaidi ya nusu ya wanaotembelea kurasa kwa simu huondoka ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu. Hapa kwetu mtu anatumia bando alilolinunua asubuhi, amesimama kituoni, na simu yake imejaa picha. Ukurasa wenye video inayojicheza na picha kubwa za ofisi unamlia bando kabla haujamwambia bei. Nimeona tovuti za kupendeza sana zilizotengenezwa kwa ajili ya kumridhisha mkurugenzi anayezitazama kwenye kompyuta ya ofisini, na huyo mkurugenzi hatanunua kitu.

Historia ya biashara hii Nairobi ina funzo ambalo limesahaulika. Google ilifungua ofisi yake hapa mwaka 2007, ikiongozwa na Joseph Mucheru, aliyekuja kuwa Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ikaacha kuwa kitu cha wachache. Septemba 2011 Google, pamoja na washirika wakiwemo Safaricom na Equity Bank, ilianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Wazo lilikuwa zuri: mwenye tovuti leo ni mtangazaji wa kesho.

Kisha, Januari 2012, ukazuka mgogoro ambao kila anayefanya kazi hii Nairobi anapaswa kuujua. Mocality ilikuwa orodha ya biashara ya mtandaoni yenye makao hapa jijini. Ilikuwa imekusanya majina na namba za wafanyabiashara kwa kuwalipa wananchi wa kawaida kupitia M-Pesa, mtaa kwa mtaa. Mkurugenzi wake, Stefan Magdalinski, alieleza hadharani kwamba wafanyabiashara waliokuwa kwenye orodha hiyo walikuwa wakipigiwa simu na watu waliojitambulisha kuwa wa mpango wa Google, wakidai kwamba Mocality ni mshirika wao. Kampuni ikaweka mtego: waliofungua orodha kutoka anwani za mtandao zilizoshukiwa walionyeshwa namba za kituo cha simu cha Mocality yenyewe, na mazungumzo yakarekodiwa. Google ikaomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality ikafunga milango.

Ukiacha suala la nani alikosea, mkasa ule ulidhihirisha thamani ilikokuwa. Kampuni kubwa kuliko zote za utafutaji duniani ilikuwa na tovuti za bure za kugawa, na bado waliofanya kazi chini ya jina lake walihitaji kitu kimoja ambacho Mocality ilikitolea jasho: namba ya simu ya mwenye duka, na imani ya mwenye duka huyo kwa anayempigia. Biashara ya Nairobi hupita kwenye simu. Ilikuwa hivyo 2012, na ni hivyo sasa.

Ila haipiti kwa namna moja kila mtaa, kwa hiyo tuangalie jiografia. Katikati ya jiji na vitongoji vya magharibi ni masoko mawili yaliyotenganishwa na safari fupi ya matatu. Anayetafuta televisheni ya Luthuli Avenue mara nyingi yuko mjini tayari au anapanga kwenda. Anataka bei, anataka kujua kama bidhaa ipo, na anataka kujua duka liko jengo gani, ghorofa gani, mlango upi. Majengo ya Moi Avenue na Tom Mboya yamegawanywa vijiduka hadi ngazi za juu, na kwenye ramani alama za maduka hayo zimelaliana sehemu moja. Tangazo lisilosema ghorofa na namba ya mlango limempeleka mnunuzi hadi mlangoni pa jengo, kisha likamwachia mshindani wa ghorofa ya kwanza. Kijana wa mlangoni anayeita wateja atamshika kabla hajafika ngazi ya pili.

Magharibi hali ni tofauti. Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands mtu hutafuta akiwa nyumbani au ofisini, na anataka aletewe: gari la maji mifereji inapokauka, fundi wa bomba, wa kusafisha makochi, wa kuua kunguni, kampuni ya kumhamisha mwisho wa mwezi. Huyu hatatembea kulinganisha. Atapiga simu namba ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, na anayepokea ndiye anayepata kazi.

Watangazaji wengi huchora duara kwenye ramani, kilomita tano kutoka Kilimani, wakadhani wameshafanya kazi ya eneo. Duara hilo limeimeza Upper Hill yenye hospitali na ofisi, limeingia Kibera, na limefika Kawangware. Kawangware na Kangemi wapo wanunuzi tena wengi, ila wanachonunua na kiasi wanachoweza kulipa kwa mara moja si sawa na cha Lavington, na tangazo linalofaa pale si hili. Kila mtaa unastahili kampeni yake au angalau bei yake. Juu ya hayo, mahali alipo mtu hukisiwa tu pale ambapo simu haijaruhusu kusomwa eneo lake, na mitandao ya simu hufanya makisio hayo kuwa mabovu. Mtu wa mji mwingine anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Nairobi.

Kuna mpangilio mmoja ambao umewagharimu watu wengi na huchukua dakika moja kuurekebisha. Google Ads ikiachwa ilivyo huonyesha tangazo si kwa walio katika eneo ulilochagua tu, bali pia kwa walioonyesha kuvutiwa nalo. Kwa kampuni ya safari hilo ni baraka, maana mteja wake yuko Ujerumani au Marekani anaiota Maasai Mara. Kwa fundi wa friji wa Hurlingham ni hasara tupu. Ndugu aliyeko Dallas anayeangalia nyumba za Nairobi kwa ajili ya mama yake anaweza kulibofya tangazo la fundi huyo, na fundi akalipa. Chagua walioko eneo hilo tu.

Maneno ndiyo moyo wa kampeni ya utafutaji, na Nairobi huandika kwa lugha zake zote mara moja. Huduma za ofisini na za gharama kubwa hutafutwa kwa Kiingereza. Ufundi, nyumba na bei za vitu huja kwa mchanganyiko: "fundi wa fridge Kawangware", "bei ya mabati", "bedsitter Kangemi". Anayeandaa orodha ya maneno kwa kutumia kifaa cha kukadiria utafutaji peke yake hatayaona haya, kwa sababu mengi huandikwa na watu wachache kwa mwezi na kila mmoja kwa namna yake. Njia ya kuyapata ni kuwasikiliza wanaopokea simu. Muulize dada wa mapokezi wateja husemaje wanapoomba huduma. Ataitaja misemo mitano ambayo mkurugenzi hajawahi kuitumia.

Muhimu kuliko maneno unayoyanunua ni yale unayoyakataa. Ripoti ya maneno yaliyotafutwa kweli inapaswa kusomwa kila wiki, hasa mwanzoni, kwa sababu jukwaa hulinganisha maneno yako na maombi ambayo hukuyawazia. Mtangazaji wa kamera za ulinzi atakuta analipia wanaotafuta kozi ya kufunga kamera. Hospitali ya Upper Hill italipia wanaotafuta nafasi za kazi za uuguzi. Kampuni ya kuhamisha watu italipia wanaotafuta kazi ya ukuli na udereva. Vijana wa nchi hii wanatafuta kazi usiku na mchana, na wanaitafuta Google kama wanavyoitafuta kwingine. Kumwonyesha mtu huyo tangazo lisilomhusu ni kumpotezea bando lake na kumpotezea mwenye biashara pesa zake. Kwa hiyo maneno kama kazi, ajira, mshahara, kozi, bure na mengine yanayofanana nayo katika Kiingereza yazuiwe siku ya kwanza, kabla shilingi moja haijatumika.

Sasa nifike kwenye kiini. Tuchukue mfano wa hesabu, namba zikiwa za kueleza tu. Kampuni ya kusafisha nyumba ya Kileleshwa imetenga shilingi 60,000 kwa mwezi. Mbofyo mmoja ukigharimu shilingi 40, imepata mibofyo 1,500. Tuseme watu 90 kati ya waliobofya wakapiga simu. Kama wote wangepokelewa vizuri na mmoja kati ya watatu akaagiza, kuna kazi 30, na kila mteja amepatikana kwa shilingi 2,000. Lakini simu ni ya mwenye kampuni, naye yuko kazini ameshika mashine ya kunyonya vumbi. Nusu ya simu zikakosa kupokewa, na waliokosa kupokewa hawakungoja. Walimpigia anayefuata kwenye orodha. Mteja mmoja sasa amegharimu shilingi 4,000. Tangazo halijabadilika hata herufi moja. Ejensi itatumia mwezi mzima kubadilisha maneno, kuongeza picha, kupunguza bei ya mbofyo kutoka 40 hadi 36, ilhali dawa ilikuwa ni kumpa mtu mwingine simu ashinde nayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi katika kazi hii. Husema kuwa jukumu la ejensi linaishia pale mtu anapofika kwenye ukurasa, na mauzo ni shauri la mwenye biashara. Kimkataba huenda wana haki. Kikazi wanajidanganya, kwa sababu mteja anayelipia matangazo na haoni mauzo ataondoka baada ya miezi mitatu, na ataondoka akiamini kwamba Google haifanyi kazi. Ejensi nzuri hupiga simu yenyewe, kama mteja wa kawaida, asubuhi, mchana wa saa saba na Jumamosi jioni, na huandika ni mara ngapi ilipokelewa. Huomba kusoma mazungumzo ya WhatsApp, baada ya majina na namba kufichwa, ione wapi watu huacha kujibu. Mara nyingi huacha pale wanapouliza bei na kuambiwa waje ofisini.

Kisha ipo kazi ya kuunganisha mauzo na tangazo. Huko nchi ambako mtu hununua kwa kadi ndani ya tovuti, jukwaa linajua lenyewe nani amenunua. Nairobi mnunuzi hubofya, husoma, huhamia WhatsApp, huuliza, hupewa namba ya Till, hulipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya duka. Hakuna hatua hata moja ya mwisho ambayo Google imeiona. Wengi huziba pengo hilo kwa kuhesabu kila anayegusa kitufe cha WhatsApp kuwa ni mauzo. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Upangaji bei wa siku hizi hufanywa na mashine inayojifunza kutokana na matokeo unayoyahesabu. Ukiiambia kwamba kugusa kitufe ndiyo faida, itakutafutia kwa bidii watu wanaogusa vitufe, wakiwemo watoto wanaochezea simu za wazazi, na itakuonyesha ripoti yenye kupendeza huku duka likiwa tupu.

Suluhisho halihitaji mitambo ghali. Linahitaji daftari. Kila mbofyo wa tangazo hubeba alama yake ya utambulisho, na ukurasa unaweza kuiandika alama hiyo, au msimbo mfupi unaoiwakilisha, ndani ya ujumbe wa kwanza wa WhatsApp unaomtokea mteja tayari kutumwa. Anayejibu ananakili msimbo huo kwenye jedwali, na mbele yake anaandika aliuliza nini, alinunua au la, alilipa kiasi gani. Mwisho wa wiki ejensi hulipandisha jedwali hilo kwenye akaunti ya matangazo, na mashine hujua sasa ni mibofyo ipi iliyozaa shilingi. Kwa simu, tumia laini ya pekee ambayo haijachapishwa popote isipokuwa kwenye ukurasa wa tangazo. Ni kazi ya mikono, ni ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha ejensi inayojua na inayobahatisha.

Mwenye biashara ndogo ajue pia mpaka wa mashine. Upangaji bei wa kujiendesha hupata akili pale unapokuwa na makumi ya matokeo kwa mwezi. Daktari wa meno wa Lavington anayepata wagonjwa wapya wanane kwa mwezi kutoka kwenye tangazo hana cha kuifundishia. Afadhali abaki na maneno machache yaliyofungwa kabisa, bei aliyoiweka mwenyewe, na jicho la binadamu. Performance Max, aina ya kampeni iliyoingia mwaka 2021 ambayo hutawanya tangazo moja kwenye utafutaji, YouTube, ramani, barua pepe na kwingineko, humwondolea mtu wa namna hii karibu kila usukani. Kwa duka kubwa la mtandaoni lenye mauzo mengi yanayohesabika huenda ikafaa. Kwa huyu wa Lavington, hapana.

Na tusisahau kwamba jukwaa lina maslahi yake. Ndani ya akaunti kuna alama ya asilimia inayopanda kila unapokubali mapendekezo ya Google, na mengi ya mapendekezo hayo ni kuongeza bajeti, kulegeza maneno na kupanua mahali tangazo linapoonekana. Alama hiyo haipimi faida yako. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google iliyosikilizwa Washington mwaka 2023, Jerry Dischler, aliyekuwa mkuu wa matangazo wa kampuni hiyo, alikiri kwamba walikuwa wakirekebisha minada kwa namna iliyopandisha bei, mara nyingine kwa asilimia 5, na kwamba kwa kawaida hawawaambii watangazaji. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilidumisha ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Kenya, ambako zaidi ya asilimia 90 ya utafutaji hupitia Google, mtangazaji hana pa kukimbilia penye watu. Silaha yake ni kuijua hesabu yake mwenyewe: mteja mmoja ana thamani gani, na bei gani ya kumpata ikizidi bora asimame.

Uhusiano wa ejensi na mteja ndio uwanja wenye vidonda vingi zaidi, na sitauzungukia. Akaunti ya matangazo ni mali ya mwenye biashara. Ifunguliwe kwa barua pepe yake, ilipiwe kwa kadi yake, na ejensi iunganishwe kupitia akaunti ya meneja ili iweze kufanya kazi na iweze kuondolewa. Wapo wanaofungua akaunti kwa jina lao wenyewe, wakachukua pesa za mteja kwa jumla, wakatumia sehemu yake Google na kubaki na sehemu isiyojulikana. Siku mteja anapoondoka, huondoka mikono mitupu: historia ya miaka miwili, maneno yaliyokwisha kujaribiwa, orodha ya yaliyozuiwa, vyote vinabaki kwa ejensi. Huo si ujanja wa biashara. Ni kuchukua mali ya mtu.

Malipo ya ejensi nayo yana tatizo lake. Anayelipwa asilimia ya bajeti hupata zaidi bajeti ikikua, iwe imezaa au haijazaa. Ada isiyobadilika kwa mwezi ni safi zaidi kwa biashara ndogo, kwa sababu humpa anayesimamia uhuru wa kusema tupunguze.

Neno juu ya sarafu. Sarafu ya akaunti huchaguliwa siku ya kufungua na haibadilishwi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia na kupita shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Bajeti ya dola 500 ilikuwa shilingi 80,000 Januari na shilingi 65,000 miezi michache baadaye. Mwenye mapato ya shilingi aliyefunguliwa akaunti ya dola alibeba hatari ambayo hakuna aliyemweleza.

Sheria nazo zimefika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu namba za simu unazokusanya kwenye fomu yako na picha unazoziweka kwenye ukurasa wako. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya barabara ya Ngong shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia. Picha zile ziliwekwa ili kuvutia watu, na ndiyo kazi ileile tunayoifanya. Taaluma nazo zina mipaka yake. Mawakili walikuwa wamekatazwa kabisa kujitangaza hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2012 kwamba katazo la jumla linakiuka Katiba. Kanuni za 2014 ziliwaruhusu kwa mipaka. Madaktari wana maadili ya baraza lao. Ejensi inayoandika "wakili bora Nairobi" kwenye tangazo imemweka mteja wake hatarini kwa ajili ya maneno matatu.

Wakati mwingine kazi bora ni kuzima. Juni 2024 maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalifunga maduka ya katikati ya jiji, na tarehe 25 Bunge lilivamiwa na mtandao ukayumba jioni ile. Juni 25 na Julai 7, 2025, njia za kuingia mjini zilifungwa tena. Siku kama hizo tangazo la duka la Kirinyaga Road linaloendelea kuonyeshwa linakula pesa kwa ajili ya mlango uliofungwa, na ni aibu kwa ejensi kuendelea kumtangaza mtu anayelinda mali yake kwa hofu. Anayesimamia kampeni za Nairobi asome habari kila asubuhi kabla ya kufungua akaunti. Ajue shule zinafungua lini, mishahara inaingia lini, mvua za Machi zinaanza lini na paa za nani zinavuja.

Zipo pia biashara ambazo hazistahili kuanza. Tangazo la utafutaji hukutana na hitaji lililopo, haliliumbi. Kama umetengeneza bidhaa ambayo hakuna anayejua ipo, hakuna atakayeitafuta, na pesa zako zitafanya kazi zaidi kwenye video za TikTok au Instagram. Fundi wa fanicha wa barabara ya Ngong ambaye kazi zake zimepangwa kando ya njia, zikionekana na maelfu ya magari, anaweza kuhitaji zaidi picha nzuri na alama sahihi kwenye ramani, ambavyo ni bure, kabla ya kununua mbofyo hata mmoja. Ejensi inayothubutu kumwambia hivyo itapoteza ada ya mwezi huo. Nadhani inapaswa kuipoteza.

Kwa mwenye biashara anayesoma haya: kabla hujalipa mwezi ujao, iambie ejensi yako ikupe ufunguo wa akaunti kama mmiliki, ikuonyeshe ripoti ya maneno yaliyotafutwa kweli, na ikutajie umempata kila mteja kwa shilingi ngapi. Kisha chukua simu ya duka, uone ni ngapi zilizokosa kupokewa jana. Ejensi ikishindwa kukujibu, badilisha ejensi. Simu zikiwa hazikupokewa, anza na hizo, na tangazo lisubiri.